Pima Bomba Kabla Hujachora

Wachoraji wengi wa Mbeya na Iringa wanaoingia mtandaoni huanzia mahali pamoja. Wanachora picha kubwa, wanaipiga picha kwa simu na kuiweka Instagram, halafu mteja wa kwanza akiuliza "itanifikiaje Dar?" ndipo wanaanza kutafuta boksi. Mpangilio huo ndio unaokula faida. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mteja wa Ulaya yuko mbali zaidi ya hapo. Wateja wapo. Lakini kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini, kinachoamua kama kazi hii italipa ada ya mtoto ni sentimita, kilo, na njia ambayo fedha itapita hadi ikufikie. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu rangi hata kidogo: amua utafungashaje, ndipo ukate kanvasi.

Chukua picha ya sentimita 60 kwa 60 iliyochorwa kwenye ubao wa masonite, kama zile alizoanza nazo Edward Saidi Tingatinga. Ubao haukunjiki, kwa hiyo unahitaji boksi la sm 70 kwa 70 kwa 6. Kampuni za kimataifa za kusafirisha vifurushi hazitazami mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo, zikagawa kwa 5,000, na jibu ndilo uzito wa ujazo. Hapo ni 29,400 gawa kwa 5,000, karibu kilo 6. Mzigo wenyewe mkononi hauzidi kilo mbili au tatu, lakini utatozwa kilo 6. Picha ya eneo lile lile ikichorwa kwenye kanvasi na kuviringishwa ndani ya bomba la urefu wa sm 70 na kipenyo cha sm 11, hesabu inakuwa 8,470 gawa kwa 5,000, yaani kilo 1.7. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuwa kubwa kuliko faida yote uliyotarajia.

Kwa njia ya posta kuna kanuni nyingine ya kujua. Mizigo midogo ya kimataifa ina kikomo cha kilo 2. Ikiwa ni ya mviringo kama bomba, urefu ukijumlishwa na vipenyo viwili usizidi sm 104, na urefu peke yake usizidi sm 90. Bomba la inchi 4 lina kipenyo cha nje cha sm 11. Toa 22 kwenye 104, unabaki na 82. Huo ndio urefu wa mwisho wa bomba lako, mifuniko ikiwemo. Toa tena sm 6 za mifuniko na nafasi ya kupumulia pande zote mbili, kanvasi isizidi sm 76. Kisha toa sm 5 kila upande za ukingo usiopakwa rangi, ambao mteja ataukunja wakati wa kuwamba kwenye fremu. Umebaki na sm 66. Kwa hiyo eneo lenye rangi, upande wake mfupi ufanye sm 60 au 65 tu. Upande mrefu unaweza kwenda 90 hata 120, kwa kuwa ndio unaozunguka. Mchoraji akishika vipimo hivi tangu mwanzo, karibu kila picha yake itatoshea bomba la aina moja, naye atanunua mabomba kwa jumla badala ya kuhangaika upya kila mteja anapopatikana.

Bomba lenyewe ni lile jepesi la maji taka linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Usichukue lile zito la presha, litamaliza kilo zako mbili kabla picha haijaingia. Wengine huokota zile roli za karatasi ngumu zinazobaki dukani vitambaa vikiisha. Ni za bure, ila nyingi ni nyembamba mno, na picha iliyoviringishwa kwenye kitu chembamba hupata mipasuko midogo kwenye rangi nene. Namna inayofanya kazi vizuri ni mabomba mawili: la inchi 3 ndani, la inchi 4 nje. Tandika kanvasi, rangi ikiwa chini juu ya karatasi laini ya kuokea mikate, weka bomba dogo juu ya mgongo wa picha, viringisha. Rangi itazame nje. Watu hupenda kuificha ndani wakidhani wanailinda, lakini rangi iliyo upande wa ndani hubanwa na kujikunja, ilhali ya nje hutanuka kidogo na kurudi vizuri picha ikiwambwa. Funga kwa utepe wa kitambaa, si kwa mpira wala selotepu. Kisha vika nailoni, ingiza kwenye bomba kubwa, na ujaze magazeti kwenye nafasi za miisho. Plastiki ile ya vipovu isiguse rangi kamwe. Safarini kwenye buti la basi joto hupanda, rangi ya akriliki hulainika, na mteja akifungua anakuta viduara vimejichapa kwenye anga lote la picha.

Baridi ya kwetu nayo ina madai yake. Akriliki hukauka kwa maji kutoka na chembe za plastiki kushikana. Hewa ikishuka chini ya nyuzi joto 9 au 10, chembe hizo hazishikani sawasawa. Inaonekana imekauka, lakini baada ya miezi inakuwa ya ungaunga au inabanduka. Asubuhi na usiku wa Juni na Julai, Mbeya, Njombe na zaidi Makete, hali hiyo ni ya kawaida. Miezi hiyo paka rangi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na usiku picha ilale chumba cha ndani, mbali na ukuta wa nje. Chupa za rangi nazo zisilale stoo yenye baridi kali. Rangi iliyoganda ikaja kuwa na mabonge haina dawa. Kwa wenzetu wa Tukuyu tatizo ni unyevu. Kanvasi ikiegemezwa ukutani wiki mbili za Machi, mgongo wake hupata madoa ya ukungu, na mteja wa mtandaoni atakachokumbuka ni harufu. Inua picha kwenye vigingi, acha hewa ipite nyuma, na usifunge mzigo siku ya mvua. Ukifunga nailoni asubuhi yenye ukungu, unyevu umeufungia humo humo. Kabla ya vanishi, rangi nyembamba ipe siku tatu na nene ipe wiki mbili, na kwenye baridi ongeza. Rangi za mafuta, zile za kung'aa, sizishauri kwa biashara ya kuviringisha. Zinachukua muda mrefu kukomaa, na picha yenye mwezi mmoja bado inaweza kunata kwenye karatasi.

Sasa kuipiga picha. Mteja hanunui kazi yako, ananunua picha ya kazi yako, na hapo wengi huanguka. Usitumie taa ya simu, usipige ndani chini ya balbu ya njano, usipige juani. Kibaraza chenye kivuli, saa tatu hadi saa tano asubuhi, kinatosha. Siku za mawingu za Rungwe ni hazina, mwanga unasambaa sawa na hakuna mng'ao. Simamisha picha wima kabisa, simu nayo iwe wima, kitovu cha lenzi kikielekea katikati ya picha. Ukisogea karibu sana, kingo zinapinda kama pipa. Rudi nyuma mita mbili, vuta kwa mara mbili kwenye kamera. Futa lenzi kwa pamba safi. Bandika karatasi nyeupe ya kawaida kando ya picha. Wakati wa kurekebisha rangi kwenye simu, ukiona karatasi inaonekana nyeupe kweli, picha nayo iko karibu na ukweli. Ile kijani ya chai ya Mufindi ikitoka bluu kwenye skrini, mteja atadai fedha yake, na atakuwa na haki.

Kila kazi ipigwe mara tano: nzima, ukutani juu ya kochi au kiti ili ukubwa uonekane, karibu kiasi cha kuona alama za brashi, ukingo, na mgongo wenye sahihi na tarehe. Hiyo ya mgongo wengi huiacha, nami naiona ndiyo inayoondoa shaka kuliko zote.

Faili kubwa baki nalo wewe. Simu ya megapikseli 12 inatoa pikseli 4,000 kwa 3,000, inayotosha kuchapa A4 safi kwa nukta 300 kwa inchi. A3 inataka 4,961 kwa 3,508. Mtandaoni weka picha isiyozidi pikseli 1,500 upande mrefu. Mwenye nia ya kuiba akitaka kuichapa vizuri, atapata karatasi ya inchi 5 tu. Na ukimtumia mteja au mchapaji faili kwa WhatsApp, litume kama dokumenti. Ukilituma kama picha, WhatsApp hulibana na ubora hupotea. Kuuza picha si kuuza hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inakuachia wewe haki ya kuchapa nakala mpaka uitoe kwa maandishi, kwa hiyo mwenye hoteli akikununulia picha moja kisha akaiweka kwenye kalenda, hayo ni malipo mengine.

Maelezo yaandikwe kwa vipimo, si kwa sifa. "Picha nzuri ya kuvutia" haimsaidii mtu anayetaka kujua kama itatosha ukutani kwake. Andika hivi: mashamba ya chai, Mufindi, akriliki kwenye kanvasi, eneo la rangi sm 60 kwa 90, ukingo wa sm 5 kila upande, haina fremu, inasafirishwa ikiwa imeviringishwa. Na ukichagua cha kuchora, machweo yenye twiga na Mlima Kilimanjaro yamejaa mtandaoni kwa bei za kutupa. Lakini mtu wa Mbeya anayeishi Dodoma, akitafuta picha ya Mlima Loleza ukiwa na ukungu, au Ziwa Ngozi, au maua ya Kitulo, ataona picha chache mno. Huyo ndiye mteja wako wa kwanza, na mara nyingi ndiye atakayekuletea wa pili.

Bei. Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ndipo watu wanapofanya kazi mwaka mzima bila kujua wanakula mtaji. Tuseme vifaa ni shilingi 26,000. Saa 14 za kazi, kila saa ukijilipa 4,000, ni 56,000. Bomba, karatasi na nailoni 15,000. Bando na nauli ya kupeleka mzigo 3,000. Jumla 100,000. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kazi zitakazoharibika au kurudishwa, maana zitakuwepo. Unataka 110,000 mkononi. Sasa tuseme jukwaa unalouzia na njia ya malipo kwa pamoja vinakata asilimia 12. Wengi huzidisha 110,000 kwa 1.12 na kutangaza 123,200. Makato yakipita wanabaki na 108,416. Wamepoteza 1,584 na hawajui imekwenda wapi, kwa sababu makato yanakatwa kwenye bei nzima, si kwenye gharama yako. Njia sahihi ni kugawa kwa 0.88: bei iwe 125,000, na ukikata asilimia 12 unabaki na 110,000 kamili. Usafirishaji uandike peke yake, mteja auone. Ukiuficha ndani ya bei, wa Iringa mjini anamlipia wa Ujerumani.

Wauzie watu wa ndani kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa kitu kinachouzwa ndani ya nchi, hivyo dola ibaki kwa mteja aliye nje. Mteja wa ndani akilipa kwa simu, mwambie mapema aweke na ya kutolea, la sivyo makato ya kutoa yanakula bando lako. Ukiwa na Lipa Namba, hesabu ya biashara haichanganyiki na ya nyumbani. Na meseji ya "umepokea" usiiamini. Fungua menyu, angalia salio, ndipo ukabidhi mzigo. Meseji za kughushi hufanana na za kweli hadi kwenye nafasi kati ya maneno.

Fedha ya nje inataka maandalizi kabla ya tangazo la kwanza. Kwa kila njia jiulize jambo moja: akaunti iliyofunguliwa Tanzania inaweza kupokea, au inalipa tu? Programu kuonekana kwenye simu yako si uthibitisho. Ingia kwenye orodha ya nchi ya jukwaa lenyewe, soma kipengele cha kupokea malipo ya mauzo, jaribu kwa kiasi kidogo, uitoe mpaka ishike mkononi. Jina la akaunti lilingane na kitambulisho chako cha NIDA herufi kwa herufi. Jina la kisanii liweke kwenye ukurasa tu. Ukitumia benki, muulize mteja alipe kwa mpango wa OUR, ambapo gharama zote ni zake. Kwenye SHA mnagawana, na benki iliyo katikati inaweza kukata bila kukuarifu, ukapokea pungufu ya mlichokubaliana. Huduma za kutumiana fedha za kifamilia ni rahisi, lakini nyingi masharti yake yanakataza biashara. Zikigundua, zinazuia muamala na wewe umeshatuma mzigo.

Kuna utapeli mmoja unaowalenga wachoraji hasa, na unafaa kuujua kwa sura yake. Barua pepe inafika: mtu amemwona mke wake akitazama kazi zako, anataka kumshtukiza kwa zawadi, anataka picha mbili au tatu, haulizi ukubwa wala habari ya rangi. Wanahama nyumba, kwa hiyo wakala wake wa usafirishaji atakuja kuchukua. Atakulipa kwa hundi au kadi zaidi ya bei, na anakuomba ile ziada umtumie wakala. Malipo yake baadaye yanabatilishwa, wakala hayupo, na fedha uliyotuma ilitoka mfukoni mwako. Mteja wa kweli huuliza vipimo. Asiyeuliza na anayelipa zaidi ya bei, usimjibu.

Kwa wateja wa Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro, basi ni njia ya haraka. Andika namba za simu mbili juu ya bomba, ya mpokeaji na yako, kwa kalamu isiyofutika, kisha bandika selotepu pana juu yake. Dai risiti inayotaja thamani, ipige picha, itume kwa mteja pamoja na jina la basi na muda wa kuondoka. Bomba liombe liwekwe juu ya mizigo. Likilazwa chini ya magunia ya viazi, hata bomba la PVC hubonyea. Fremu za kioo usizipeleke kwa basi. Uza bila fremu, fundi wa huko ataiwamba.

Nje ya nchi, fomu ya forodha ndiyo inayochelewesha mizigo mingi. Andika kwa Kiingereza kitu chenyewe: mchoro halisi wa mkono, akriliki kwenye kanvasi. Namba ya forodha ya michoro ya mkono ni 9701, na ya vikapu ni 4602. Usiandike zawadi wakati umeuza. Ni tamko la uongo, na mzigo ukipotea utafidiwa kwa thamani uliyoandika. Mwambie mteja mapema kwamba huenda akadaiwa kodi kwao. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo Julai 2021, na Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo ya hadi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Mteja asiyeambiwa hukataa kupokea, na mzigo unarudi kwa gharama yako. Mzigo wa EMS, yaani huduma ya haraka ya posta, una namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa na TZ mwishoni. Hiyo mpe mteja siku hiyo hiyo.

Wanaouza vikapu vya milulu vya Iringa watambue kwamba milulu isiyokauka vizuri huota ukungu ndani ya nailoni, na nchi kama Australia na New Zealand hukagua mimea vikali. Vitazame kwenye jua kama vina vitobo vya wadudu, pukuta mbegu zote, kisha viingize kidogo ndani ya kikubwa, vitatu vitatu, ili ujazo wa kimoja ubebe vitatu. Vyungu vya Ikombe, kule Kyela, vinataka boksi ndani ya boksi na sm 5 za karatasi zilizofinyangwa kila upande. Hata hivyo vingine vitavunjika, kwa hiyo kwa nje naviona vigumu kulipa.

Kwa Krismasi, oda za nje zifungwe mwisho wa Oktoba. Na picha itakayofika Ulaya au Marekani Desemba au Januari ina hatari moja ya mwisho: akriliki ikipoa sana inakuwa kavu kama ganda la yai, na mteja mwenye hamu hufungua bomba pale mlangoni, anakunjua, rangi inapasuka. Andika kipande cha karatasi, kibandike nje juu ya mfuniko mahali ambapo mkono lazima upite: usifungue leo, liache bomba chumba chenye joto kwa saa 24, tandika mezani rangi ikiwa juu, ikunjuke yenyewe, usiibonyeze.